Sauti ya Polycarp, Upande wa Pili

Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo,
Dar es Salaam.
9 Agosti 1979

Kaka Gaudens,

Tumsifu Yesu Kristu, na shikamoo. Naandika juu ya meza ya cherehani, kwa hiyo ukiona mistari inapanda na kushuka usidhani nimezeeka kabla yako. Sisi huku tunaendelea. Josepha anakua, viatu vya mwaka jana havimwingii tena. Sukari imeadimika. Juzi nilipanga foleni asubuhi yote nikaambulia sabuni ya mche, nikashukuru hivyo hivyo. Mpe mama shikamoo zake, na wifi yangu Paskalina mwambie kitambaa chake nimekipata, nitamshonea nikipata uzi wa rangi ile.

Askari wameanza kurudi kutoka vitani Uganda. Kila lori linapopita Msimbazi watu wanaacha kazi na kukimbilia barabarani, na mimi naacha nguo ya mteja chini ya sindano nakimbia nao. Mdogo wetu Polycarp sijamwona. Barua yake ya mwisho ni ile ya Februari, niliyokunakilia.

Jambo lililonifanya nikuandikie leo ni Bakili, yule mpiga ngoma wa bendi yenu ya Nyota Saba. Siku hizi anauza vyombo karibu na soko jipya. Jumapili alinijia amebeba gramafoni yake ya betri, na ndani ya gazeti amefunga ile santuri mliyokwenda kurekodi Nairobi mwaka 1971. Akaniambia, "Dada Severa, naomba ikae kwako mpaka Poli arudi. Nyumbani siwezi kuisikiliza. Mke wangu ananionea huruma."

Nikakubali. Alipoondoka niliitazama picha ya kwenye jalada. Mmesimama mbele ya ukuta wa Mtaa wa Kongo na suruali zenu za bugaluu zenye miguu mipana, Polycarp mwisho kabisa, amefinya macho kwa sababu ya jua. Unajua, Kaka, santuri hii sijawahi kuisikiliza. Wakati ule nilikuwa na mtoto mgongoni, nanyi wawili mko chumba cha uani mnanimalizia unga. Watu wakisifu bendi yenu mimi nilikuwa nafikiria sufuria.

Basi nimeweka wimbo wa kwanza, "Taa za Mtaa wa Kongo". Gitaa lako linaanza peke yake, tena linakwaruza kama mtu anayeburuta bati barabarani. Nilidhani sahani imechakaa, nikaifuta kwa kitambaa, bado. Kisha Polycarp akaingia, na nywele zikanisimama. Mlitaka likwaruze hivyo, au ni bahati mbaya? Nataka nizisikilize nyimbo zote, mmoja baada ya mwingine, na wewe unieleze. Wewe ndiye uliyezitunga naye.

Mdogo wako,
Severa


Mbinga,
2 Septemba 1979

Mdogo wangu Severa,

Milele, amina. Marahaba. Barua yako imeletwa na gari la misheni. Huku tumo katika kuchuma kahawa, mikono yote ya nyumba hii imekuwa myeusi kwa utomvu. Paskalina alijikata mguu kwa jembe, ila kidonda kinafunga. Mama ni mzima. Anasema usije ukamtoa Josepha shuleni kwa ajili ya cherehani. Kila jioni anakwenda kukaa pale njia panda linaposimama lori, na akiulizwa anasema anapunga upepo. Wewe unaijua baridi ya milima hii. Hapa hakuna mtu anayetoka nje kupunga upepo.

Kuhusu santuri, ningependa Bakili angekaa nayo mwenyewe. Muziki niliuacha baba alipofariki na shamba likakosa mtu. Sina la kueleza.

Ila kwa kuwa umeuliza juu ya lile gitaa, nikujibu hilo moja. Sahani haijachakaa. Spika yangu ilipasuka njiani, ndani ya basi, kabla hatujavuka mpaka wa Namanga, mtu aliweka gunia la viazi juu yake. Tulipofika Nairobi fundi mitambo akasema hawezi kurekodi kitu kinachokoroma namna ile, atatuazima nyingine. Mimi nilikuwa tayari kukubali. Polycarp akamwambia, "Iache hivyo hivyo, bwana. Kariakoo yenyewe inakwaruza." Fundi akacheka, akaiacha. Wimbo ule ungekuwa safi, usingekuwa na mtaa ndani yake. Hilo niliona baadaye sana.

Sikiliza tena ubeti wa pili unapoanza. Polycarp anachelewa kidogo kuingia. Hakukosea. Alikuwa akimtazama Bakili ampe ishara, na Bakili alikuwa akicheka kwa sababu mama mmoja mfagiaji alikuwa ameanza kucheza mlangoni na ufagio wake. Tulikuwa vijana wa bendi ndogo, hakuna aliyetujua, na huyo mama ndiye mtu wa kwanza kuucheza wimbo ule duniani.

Nimeandika kuliko nilivyokusudia. Ukipata habari yoyote niandikie. Yoyote.

Kaka yako,
Gaudens


Kariakoo,
25 Septemba 1979

Kaka,

Shikamoo, na pole na kazi za shamba. Mwambie Paskalina aoshe kidonda kwa maji ya chumvi ya vuguvugu, asiweke majani. Huku mvua za vuli bado, vumbi tupu. Jirani yangu Sofia ameoza binti, nimeshona magauni ya wapambe mpaka mgongo ukagoma.

Wimbo wa pili sasa. Kwa nini hamkuniambia kwamba kuna wimbo unaoitwa "Dada Severa"? Miaka yote hii watu wanalicheza jina langu kwenye madansi, mimi niko hapa natia kitambaa chini ya sindano kama mjinga. "Dada Severa, funguo kiunoni, komeo umetia, sisi tuko nje." Nilikasirika. Kisha nikacheka, nikarudisha sindano ya gramafoni, nikacheka tena, halafu ikabidi nisimamishe kazi kwa sababu nilikuwa sioni uzi.

Nilikuwa nafunga mlango, ni kweli. Mtaani mgambo walikuwa wanakamata vijana kwa ajili ya zile suruali, na Polycarp alikuwa hasikii. Usiku mmoja nilimwambia kupitia dirishani, "Utalala kibarazani ujifunze." Akajibu, "Dada, nikilala kibarazani nitatunga wimbo." Sikujua kwamba alikuwa anasema kweli.

Nimependa jinsi besi inavyotembea polepole chini, kama mtu anayenyata asisikike na mwenye nyumba. Aliyepiga vile alikuwa anacheka moyoni. Wimbo wa tatu, ule mfupi wa "Suruali", ngoma zinakimbia mno, waimbaji wanazifuata mbio. Nilimuuliza Bakili. Kwanza akasema ndio mtindo wa siku zile. Nikamtazama tu. Akasema, "Nilikuwa na njaa, dada. Nilitaka tumalize tukale."

Tarsis amerudi, yule wa kwa mzee Kasmir, aliyeondoka pamoja na Polycarp. Amefikia kwa dada yake Magomeni. Nilikwenda kumsalimia. Amekonda.

Polycarp alikuwa na sauti nzuri, Kaka. Nimekaa naye nyumba moja na sikuijua. Wimbo wa nne sijausikiliza bado.

Mdogo wako,
Severa


Mbinga,
4 Novemba 1979

Severa mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako ilikaa Songea muda mrefu, daraja lilikuwa bovu na magari hayakupita. Kidonda cha Paskalina kimepona kwa yale maji ya chumvi. Kahawa tumeipeleka chamani. Mama hajambo, macho ndiyo yanapungua. Sasa haoni lori mpaka lifike karibu, lakini anasikia likiwa bado mlima wa pili.

Kuna jambo nataka ulijue. Kila barua yako mama ananitaka nimsomee, naye anakaa karibu, mkono mmoja sikioni. Nilipofika penye Tarsis nikaparuka, nikaenda moja kwa moja mwisho.

Umeandika kurasa mbili za nyimbo na mistari mitatu ya Tarsis. Na chini umeandika "alikuwa". Neno hilo nimelisoma mara nyingi, nikajiambia ni mazoea tu ya kalamu. Sitakuuliza hapa. Ukiwa na neno langu peke yangu, liweke kwenye karatasi yake, na ya mama iwe mbali.

Ngoja nikueleze wimbo wa nne kabla hujauweka. Unaitwa "Kahawa Nyekundu", nao ni wa nyumbani huku. Maneno ni ya Polycarp yote. Mimi nilitunga gitaa la kuujaza tangu mwanzo hadi mwisho, na nililiona ni zuri. Siku ya kurekodi akaniita ukumbini nje ya studio. Akasema, "Kaka, ubeti wa tatu naomba unyamaze. Wote mnyamaze." Nikamwambia sauti yake peke yake haitabeba, ana mafua ya baridi ya Nairobi, itaanguka. Akasema, "Ikianguka, niache nianguke nayo." Tulibishana mpaka fundi akatutaka tuamue au tutoke. Nikamkubalia, lakini kwa uso wa mtu aliyekubali ili mwenzake aumbuke.

Sijawahi kuusikiliza ubeti ule tangu siku hiyo. Santuri ilipotoka, kila ulipofika ubeti ule nilikuwa nasimama na kutoka nje. Basi utakapofika pale gitaa linaponyamaza, ujue mimi nipo. Nimesimama nyuma yake, nimezilaza nyuzi kwa kiganja zisitoe mlio.

Kaka yako,
Gaudens


Kariakoo,
30 Novemba 1979

Kaka Gaudens,

Karatasi hii ni yako peke yako. Ya kumsomea mama ni ile ndogo ya nyuma, nimeweka salamu.

Polycarp amefariki.

Niliambiwa na Tarsis siku ile ile niliyokwenda Magomeni. Nilimkuta amekaa uani kwa dada yake, anachambua mchele kama mtoto wa kike, punje moja moja. Nikamsalimia, nikamwuliza, "Poli yuko wapi?"

Akasema, "Dada, kaa kwanza."

"Nimekaa kwenye cherehani tangu asubuhi. Sema."

Akaweka ungo chini. Walikuwa wamevuka Mto Kagera, wako kwenye lori, njia ya kuelekea Masaka. Lori likakanyaga bomu lililofukiwa barabarani. Tarsis alirushwa kwenye nyasi, hakuumia zaidi ya bega. Polycarp alikuwa upande wa gurudumu. Aliishi mpaka mchana.

Nikamwuliza kama alisema neno. Tarsis akasema, "Aliomba maji. Halafu akaniuliza kama gari limeharibika sana." Nikangoja aongeze. Akasema, "Ni hayo tu, dada. Sitaki kukutungia mengine." Walimzika pale pale kando ya barabara, penye migomba.

Akaniambia pia kwamba kule Polycarp alikuwa akiimba jioni, na watu wa vikosi vingine walikuwa wanakuja kukaa. Nikamwuliza wimbo gani. Hakujua jina, akanifanyia sauti yake kidogo kwa mdomo uliofungwa. Juzi, nilipomaliza upande wa kwanza, nikautafuta. Ni ule wa mwisho wa upande wa pili, "Kesho Asubuhi".

Nilikwenda na Bakili kuulizia panapohusika. Jina lake lipo katika orodha ya waliofia vitani. Wamesema taarifa itatumwa kijijini kwa njia ya serikali, hawakusema lini. Kaka, itasomwa na mwenyekiti mbele ya watu. Mama asisikie hivyo. Mwambie wewe kabla.

Najua utaniuliza kwa nini nimenyamaza tangu Septemba. Kila nilipoweka karatasi mezani nilijikuta naandika habari za nyimbo. Gramafoni iko pembeni, anaimba, ananitania, mimi nitaandikaje kwamba hayupo? Nilijiambia nimalize upande wa kwanza ndipo nikuandikie. Sasa nimeumaliza. Ule ubeti wa tatu nimeusikia. Anavuta pumzi kabla ya kila mstari, na mafua yanasikika, na pale juu sauti inatetemeka kama inataka kukatika. Haikatiki. Sauti ilibeba, Kaka.

Bakili anakuja huko. Amepata nafasi kwenye lori linalofuata kahawa Mbinga. Nimemwambia mvua zimeanza, na yeye ana duka. Akasema, "Mimi ndiye niliyemfundisha Poli kuhesabu mapigo. Nitamtumia mama yake salamu kwa mdomo wa dereva?" Anakuja na gramafoni na santuri. Najua mama alisema muziki wa baa hauingii nyumbani mwake. Akikataa, Bakili arudi nayo, hakuna ubaya.

Josepha bado hajui. Nitamwambia shule zikifungwa.

Severa


Mbinga,
6 Januari 1980

Severa,

Natumaini barua hii itakukuta umesimama. Sisi tumesimama. Mvua ni kubwa, mahindi yamefika magotini, Paskalina anakulilia kwa mbali. Bakili yuko salama, ataondoka lori likigeuka, naye ndiye atakayebeba barua hii.

Nikueleze ilivyokuwa.

Barua yako ya Novemba iliingia mikononi mwangu siku chache kabla ya yeye kufika. Mama alinikuta nayo, akakaa, akaweka mkono sikioni. Nikamsomea ile karatasi ndogo ya salamu. Nilipomaliza akauliza, "Imekwisha?" Nikasema imekwisha. Akainuka akaenda zake jikoni. Nikajiambia kesho nitamweleza, na kesho ikafika nikaenda shambani.

Basi lori likaja. Mama alikuwa njia panda. Nilitokea mbio nikamkuta Bakili ameshashuka, kofia ya kitambaa imelowa, amekumbatia sanduku la gramafoni ndani ya koti la mvua kama mtu aliyebeba mgonjwa. Mama akamshika mkono, akamsogeza karibu na macho yake. "Wewe si wa kwetu," akamwambia.

"Hapana, mama. Mimi natoka Dar es Salaam. Nilikuwa napiga ngoma pamoja na wanao."

Mama akanigeukia. "Polycarp amekufa lini?"

Nilimpokea Bakili lile sanduku, macho yangu chini. Bakili naye akatazama chini. Mama akasema, "Tangu ulipoanza kuruka mistari nilijua. Severa hajaandika salamu tupu tangu azaliwe." Kisha akamchukua Bakili kwa mkono, akampeleka nyumbani, akamwekea maji ya moto ya kunawa, akamlisha. Hakuna aliyelia mpaka mgeni aliposhiba. Ndipo akaketi, akaniambia, "Sasa sema yote." Nikasema yote, kama ulivyoandika, mpaka lile la kuuliza gari.

Siku ya tatu, baada ya majirani kupungua, mama mwenyewe akaliulizia lile sanduku. Bakili akamweleza. Alikuwa na wasiwasi, akasema, "Mama, ni nyimbo za dansi, kama hupendi..." Mama akamjibu, "Nimeuliza kama anasikika."

Tukaiweka mezani, tukaanza na wimbo wa kwanza. Mama alizisikiliza zile za upande wa kwanza kwa adabu, kama mtu anayesikiliza hotuba ya mgeni. Kwenye wimbo wako alisema tu, "Alikuwa anamwogopa Severa kuliko mimi." Ubeti ule wa "Kahawa Nyekundu" ulipofika nilitaka kutoka nje, kama kawaida yangu. Mama alikuwa amenishika nguo, sijui kama alijua. Nikakaa. Nimeusikia, Severa. Alikuwa na haki. Gitaa langu lingemfunika.

Bakili akageuza sahani. Mwanzo wa upande wa pili pana mkwaruzo, naye ana mazoea ya kuiweka sindano mbele kidogo, pale "Tuko Njiani" inapoanza kuchangamka. Mama akasema, "Mbona unaiweka katikati? Ianze inapoanza." Bakili akairudisha mpaka ukingoni. Sindano ikaruka mara mbili, ikatulia. Kabla ya muziki ikasikika sauti ya Polycarp, siyo ya kuimba. Ni ile yake ya kila siku. Inasema, "Kaka, upo? Haya, tuanze."

Mimi nilikuwa nimesahau kabisa. Fundi hakuikata, ikabaki humo.

Mama aliinua mkono. Bakili akanyanyua sindano. "Hapo haimbi," mama akasema.

"Haimbi, mama. Hapo anaongea."

"Rudisha."

Tukarudisha. "Kaka, upo? Haya, tuanze." Tukarudisha tena. Mara hiyo mama akajibu. Alijibu kwa lugha yetu, lile neno alilokuwa akimwitikia Polycarp alipokuwa mdogo, akimwita kutoka bondeni alikochunga mbuzi. Akalijibu kwa sauti kubwa, kama bonde lipo mbele yake. Kisha akalia, na Paskalina akalia, na wanawake wa jirani waliposikia wakaja, na ndipo msiba ukawa msiba.

Bakili alitoka akasimama chini ya paa la ghala. Nilipomfuata akaniambia, "Nimekuwa nikiiruka sehemu ile miaka yote."

Jioni mama akataka tumalizie zilizobaki. "Mvua ya Magomeni" ilipita. "Kesho Asubuhi" aliiacha iende mpaka mwisho, na sahani ikaendelea kuzunguka bila kitu, hakuna aliyeigusa. Zamani niliuona wimbo ule dhaifu. Niliwahi kupendekeza tuuache. Una gitaa kidogo, ngoma kama mtu anayetembea, na maneno mepesi ya mtu anayeaga watu wa nyumba aliyolala. Sasa naona mtu aliyechoka, mbali na kwao, angeweza kuuimba bila ala yoyote na ukasimama.

Misa imesomwa kigangoni. Taarifa ya serikali bado haijafika, ikifika itatukuta tunajua.

Mama ana swali moja, na analirudia asubuhi na jioni. Haulizi juu ya ubaya wala vita. Anauliza, "Nani alimfunika udongo?" Nimemwambia ni Tarsis. Anasema anataka kumwona.

Bakili ameiacha gramafoni hapa. Nilimkatalia, hakusikia. Mama haisikilizi kila siku, kwa sababu ya betri, na dukani hapa betri hakuna.

Kaka yako,
Gaudens


Kariakoo,
11 Februari 1980

Kaka,

Shikamoo. Mwambie mama nimepokea barua, na kwamba nimekaa matanga. Josepha nilimwambia. Alikwenda kukaa chumba cha uani, mlango ukiwa wazi, nikamwacha. Hapa Kariakoo nasi tumesoma misa. Bakili alikuja na Sofia na Waislamu wenzao, wakasimama nje, uwanjani pa kanisa, mpaka tulipotoka, kisha wakatusindikiza nyumbani.

Betri nimepata kwa mtu wa Mtaa wa Msimbazi. Nimezifunga ndani ya gauni la Paskalina. Mama azitumie, asizitunze. Zikiisha nitatafuta nyingine.

Tarsis siku hizi anakuja kukaa hapa kibarazani karibu na cherehani. Ananikatia nyuzi. Nilipomweleza mama anataka kumwona, alikataa. Akasema, "Dada, mimi nimerudi na mwanawe hakurudi. Nitamwambia nini?"

Nikamwambia, "Mwambie pale mahali pakoje. Hataki zaidi ya hapo."

Nikaendelea kushona. Kisha akaanza kunieleza mimi. Udongo wa pale ni mwekundu kama wa kwetu. Hawakuwa na majembe ya kutosha, wakaenda kwenye nyumba iliyokuwa karibu, na wao walikuwa na silaha, katika nchi ya watu. Ndani kulikuwa na bibi mmoja peke yake, wenzake wamekimbia. Hawakuelewana lugha. Alitazama mikono yao ikionyesha kuchimba, akaingia ndani, akatoka na jembe na shuka. Shuka lilikuwa jeupe, limekunjwa, la kuwekwa akiba. Akaja nao mpaka pale, akalitandika kaburini mwenyewe. Wao hawakumwambia afanye hivyo.

Cherehani nilikuwa nimeisimamisha.

Tarsis akasema, "Jina lake sikumwuliza." Kisha akasema, "Hilo la yule bibi ndilo nitakaloanza nalo nikifika kwa mama."

Tunakuja masika yakiisha, barabara ikipitika. Mimi, Josepha na yeye. Tuandalieni pa kulala.

Mdogo wako,
Severa